Umeitwa kwenye maiti, unaanzia wapi? Mwongozo kwa wanaoanza kazi ya kuchunguza vifo Uganda

Kila kundi jipya likitoka mafunzoni maswali yanakuja yale yale. Afande, lazima niwe daktari? Naruhusiwa kugeuza maiti? Najaza fomu gani? Familia ikikataa postimotamu nafanyaje? Nimejibu sana kwenye WhatsApp mpaka vidole vimechoka, basi yote naweka hapa, soma mpaka mwisho ndio uulize.

Kwanza tuondoe ile ya sinema. Kule Marekani, kwenye majimbo yenye ofisi ya medical examiner, daktari wa maiti ana watu wake wa kwenda eneo la tukio. Polisi wanashika eneo, wao wanashika mwili. Si lazima wawe madaktari, wengine ni manesi, wengine walikuwa askari, na kuna bodi inaitwa ABMDI inayowapa mtihani na cheti. Hapa kwetu hakuna kazi yenye jina hilo. Kazi yenyewe ipo, ila imegawanywa: mpelelezi wa CID (idara ya upelelezi ya polisi), SOCO (askari wa eneo la tukio) mwenye kamera, daktari, mhudumu wa mochwari, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kufika. Kampala una mochwari ya jiji pale Mulago na wataalamu wa maiti. Ukienda wilayani daktari wa kukupasulia ni medical officer wa hospitali au wa health centre IV (kituo cha afya cha daraja la nne), ametoka wodi ya wazazi saa hiyo hiyo, hajaona eneo, hajui mwili ulilala vipi, anajua tu kile ulichomwandikia. Ndio maana nasema kazi yako ni kumpelekea daktari ile nyumba, lile shamba, ile barabara. Nani kaua, hilo litafuata.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: hapana, si lazima uwe daktari. Njia ya kawaida ni kuingia polisi, kisha CID, kisha kozi ya SOCO. Wengine wanatoka upande wa afya, clinical officer au mtu wa maabara, na kusema kweli hao wanaelewa mwili haraka kuliko sisi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaitwa

Usisubiri simu ndio uanze kutafuta betri. Begi lako liwe na glavu nyingi (unavaa mbili mbili, unabadilisha), maski, aproni ya plastiki, gambuti, Jik (dawa ya klorini ya kuua vijidudu) na chupa ya maji. Kamera au simu nzuri yenye chaji na nafasi, rula ya kuweka kando ya kidonda, tochi yenye mwanga mkali. Bahasha za karatasi na mifuko ya karatasi ya saizi tofauti, narudia, KARATASI, kaveera (mfuko wa plastiki) acha dukani. Utepe wa kufungia, peni ya wino usiofutika, vitambulisho vya kufunga mguuni na mkononi, shuka safi au mfuko wa maiti, uzi, kisu kikali, kipimajoto cha hewa kama unaweza kupata. Notibuku yenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoka. Na nakala kadhaa za PF48 (fomu ya polisi ya kuombea postimotamu), maana kuna posti ambazo utaambiwa fomu zimeisha nenda ukapige fotokopi mjini.

Jingine ambalo si kitu cha begi: chanjo ya hepataitisi B. Ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi sita. Anza leo.

Hatua ya 1: Simu ikiingia

Andika saa, jina la aliyepiga, kijiji, parishi, na nini ameona kwa macho yake. Muulize kama mtu amethibitishwa amekufa au wanadhani tu. Muombe mwenyekiti aondoe watu na asiruhusu mtu kuosha mwili, kufunga taya, wala kuuhamishia sebuleni. Hili la kuosha ni la haraka, hasa familia za Kiislamu ambazo zinataka kuzika siku hiyo hiyo, ukichelewa kusema utakuta mtu ameshavikwa sanda.

Saa andika kwa mtindo wa saa 24. Shahidi akikuambia saa nane usiku wewe andika 02:00, na umuulize usiku wa kuamkia siku gani. Faili ngapi zimevurugika kortini kwa sababu mmoja aliandika 8 na mwingine akasoma saa mbili!

Hatua ya 2: Usalama wako kwanza

Kilichomuua kinaweza kuwa bado kipo humo ndani.

Umeme: mtu amelala karibu na waya, hasa zile za kuunganisha kienyeji, usimguse mpaka watu wa UEDCL (shirika la umeme, ndio waliochukua mahali pa kampuni ya Umeme mwaka 2025) wamekata laini na wamekwambia wamekata. Fimbo ya mti si kinga, mti mbichi unapitisha.

Sigiri (jiko la mkaa): chumba kimefungwa, mkaa ndani, watu wamelala hawaamki. Fungua mlango, rudi nyuma, acha hewa iingie, ndio uende. Hiyo gesi haina harufu.

Vidonge vya kuhifadhi nafaka: vikikutana na unyevu vinatoa gesi yenye sumu, harufu yake kama samaki aliyeoza au kitunguu saumu. Usiiname kunusa mdomo wa marehemu. Nimeona watu wakifanya hivyo, banange.

Ebola: hii usicheze nayo. Mubende Septemba 2022 ilianza, Januari 2025 ikatokea tena hapa hapa Kampala. Marehemu kama alikuwa na homa, kutapika, kuharisha, kutoka damu, au alimuuguza au kumzika mtu aliyekufa hivyo, USIGUSE. Toka nje, zuia watu, piga simu kwa afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya. Timu ya mazishi salama itakuja na vifaa vyake, na sampuli watachukua wao.

Umati: kama wananchi wana hasira, subiri wenzako. Gari liegeshwe likiangalia njia ya kutokea.

Hatua ya 3: Hakikisha amekufa kweli

Unacheka lakini hutokea. Mlevi aliyelala nje kwenye baridi ya Kabale usiku kucha anaweza kuonekana maiti. Shika mshipa wa shingo, angalia kifua, sikiliza pumzi, mpe dakika nzima au mbili, tazama macho kwa tochi. Kama mwili umeshakakamaa au umeoza hakuna swali. Kama una wasiwasi hata kidogo, peleka hospitali, eneo litapigwa picha baadaye. Andika saa na jina la aliyethibitisha.

Hatua ya 4: Simama, usiguse, piga picha

Mikono mfukoni. Angalia chumba chote kutoka mlangoni kabla hujaingia. Chagua njia moja ya kuingia na kutoka, wote mpite hapo hapo, na mtu mmoja aandike majina ya kila anayeingia, hata DPC (mkuu wa polisi wa wilaya). Ndiyo, hata DPC, mwambie kwa heshima, "Afande samahani, naandika jina lako."

Picha zinaenda kwa mpangilio: kwanza nyumba kwa nje na njia ya kufika, kisha chumba kutoka kila kona, kisha mwili na vitu vya karibu yake, mwisho kila kidonda na kila kitu kwa karibu. Picha ya karibu piga mara mbili, moja bila rula na moja ukiwa na rula, kamera ikitazama kidonda moja kwa moja, si kwa upande. Ukipiga kwa upande kidonda cha duara kinaonekana yai.

Andika vitu ambavyo picha haisemi. Mlango ulifungwa kwa ndani au nje? Nani aliuvunja? Taa iliwaka? Sigiri ina joto bado? Chakula kwenye sahani kimeguswa? Harufu gani? Redio ilikuwa inalia? Hayo yakishapita hayarudi.

Makosa ninayoyaona sana hapa: kuvuta sigara eneo la tukio, kutumia choo cha nyumba hiyo, kukalia kitanda, kuzima taa "kuokoa umeme", na kumfunika marehemu kwa blanketi la jirani. Blanketi la jirani lina nywele za jirani. Kama unataka kumsitiri, na ni vizuri kumsitiri, zuia watu kuona, au tumia shuka lako safi baada ya picha.

Hatua ya 5: Mwili wenyewe

Hapa tuende taratibu maana hapa ndipo maswali mengi yanatoka, na hapa ndipo vitabu vinatudanganya kidogo kwa sababu vimeandikwa kwa watu wa ngozi nyeupe na nchi za baridi.

Unatazama mambo matatu, unaandika ulichoona NA saa uliyoona. Usiandike "alikufa saa fulani". Hiyo ni ya daktari, na yeye mwenyewe atatoa makadirio mapana.

La kwanza, joto. Gusa kwa nyuma ya mkono ukiwa na glavu, kifuani na kwapani, na upime joto la chumba. Mwili unapoa taratibu mpaka unalingana na hewa. Sasa Gulu mwezi wa pili, chumba cha mabati mchana, hewa yenyewe ni moto, mwili utabaki na joto muda mrefu na ukisema "amekufa sasa hivi maana ana joto" umepotea. Kabale usiku ni kinyume chake.

La pili, kukakamaa. Huanza kuonekana baada ya kama saa 2 mpaka 4, taya kwanza, shingo, mikono, halafu miguu. Kufikia kama saa 12 mwili wote ni mgumu, kisha baada ya siku moja au moja na nusu unaanza kulegea kwa mpangilio ule ule. Joto linaharakisha yote. Mtu aliyekimbia sana au aliyepata degedege kabla ya kufa hukakamaa mapema. Jaribu kiungo kimoja tu kwa upole, ukikivunja hakikakamai tena na daktari atakuta mkono mmoja umelegea ajiulize kwa nini.

La tatu, damu kushuka. Moyo ukisimama damu inatelemka upande wa chini wa mwili na kufanya mabaka. Yanaanza kuonekana ndani ya nusu saa mpaka saa 2, na baada ya kama saa 8 mpaka 12 yanashika pale, yaani ukibonyeza kwa kidole hayafifii. Mtu amelala kifudifudi lakini mabaka yako mgongoni? Amegeuzwa. Uliza nani.

Kwa ngozi nyeusi mabaka hayaonekani kirahisi, usiandike "hakuna" kwa sababu hukuona. Tazama viganja, nyayo, kucha, ndani ya midomo, ndani ya kope, na umulike tochi kwa upande. Hapo hapo ndipo utaona ile rangi ya waridi inayong'aa ya mtu aliyeuawa na gesi ya mkaa. Kwenye mgongo mweusi hutaiona, kwenye kucha utaiona.

Kuoza: kwa kawaida kijani kinaanza tumboni chini upande wa kulia, siku ya kwanza au ya pili, kwenye joto letu mapema zaidi. Halafu tumbo linavimba, ngozi inamenyeka, na maji mekundu yanatoka puani na mdomoni. Haya maji mekundu yamefanya watu wengi wakamatwe bure, kijiji kinasema "alipigwa, damu inatoka", kumbe ni kuoza. Wewe andika "majimaji mekundu puani na mdomoni" uache hapo. Vivyo hivyo alama za siafu na mende: vijidoa vya njano au kahawia, vikavu, havina damu chini, vimejipanga kwenye mstari wa nguo au mkunjo wa ngozi. Ukiwa haraka utasema ni michubuko ya kupigwa.

Funza nao ni ushahidi. Nzi anataga haraka sana mchana na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja kwenye joto. Piga picha, usimwage maji.

Usimvue nguo marehemu pale. Nguo, tundu la nguo na kidonda chini yake daktari anataka kuviona vikiwa pamoja.

Hatua ya 6: Vifo vinavyotaka uangalifu wa peke yake

Kamba. Usifungue fundo kamwe. Kata kamba mbali na fundo, funga ncha ulizokata kwa uzi ili ijulikane zipi zilikuwa zimeungana, acha kitanzi shingoni kiende na mwili. Pima urefu kutoka paa mpaka fundo, kutoka miguu mpaka chini, na alichopanda. Miguu ikigusa ardhi haimaanishi moja kwa moja kwamba aliuawa akatundikwa, mtu anaweza kujinyonga akiwa amepiga magoti. Lakini usiandike "alijinyonga". Andika "alikutwa ananing'inia".

Bunduki. Usichomeke peni kwenye mtutu kama kwenye sinema. Mwite mwenye ujuzi wa silaha aifanye iwe salama. Viganja vya marehemu vifunge mifuko ya karatasi.

Sumu. Dawa za wadudu za shambani ziko kila duka la trading centre. Tafuta chupa, kikombe, pakiti, matapishi, hata shimoni kwenye takataka. Chupa iende kama ilivyo, ikiwa imesimama, imefungwa, peke yake, si ndani ya boksi moja na nguo. Waragi (pombe kali) ikihusika chukua na mabaki yake, na uulize nani mwingine alikunywa, kwa sababu wakiwa watatu walikunywa pamoja na mmoja amekufa, wale wawili unawapeleka hospitali sasa hivi, si kesho.

Maji. Mtu aliyetolewa Ziwa Nalubaale (Victoria kwenye ramani) ngozi ya viganja itakuwa imekunjamana. Hiyo inasema tu alikaa majini, haisemi alizama akiwa hai. Povu puani na mdomoni lina uzito zaidi, lakini linafutika, kwa hiyo lipige picha mara tu anapotolewa. Samaki hula masikio na midomo, usishtuke ukaandika amekatwa. Na uliza alikotolewa NA alikoonekana mara ya mwisho, maana mawimbi yanasafirisha.

Barabara. Kwa boda boda tafuta helmeti, angalia ilikuwa imefungwa au imebebwa tu. Pima urefu kutoka kisiginoni mpaka jeraha la mguuni, daktari atalinganisha na bampa.

Hatua ya 7: Mali ya marehemu

Pesa, simu, pete, kitambulisho. Hesabu kwa sauti mbele ya mwenyekiti wa LC1 na ndugu mmoja, andika noti kwa noti, wote waweke saini. Pete andika "ya rangi ya njano", usiandike ya dhahabu, wewe si sonara. Simu usiichezee kutafuta namba, iweke kwenye bahasha. Ikiita pokea kwa uangalifu au iache, lakini usitangaze msiba kwenye simu ya marehemu.

Hili likikushinda hata kazi nzuri ya hatua nyingine zote haitakuokoa. Malalamiko ya pesa zilizopotea yanafukuzisha watu kazi kuliko kosa la kitaalamu.

Hatua ya 8: Kuongea na watu

Usiwahoji wote wakiwa kwenye benchi moja, wa kwanza akishasema wengine wataimba wimbo huo huo. Lakini pia usifike na notibuku kama mtu wa kodi. Salimia kwanza, toa pole, keti chini kidogo kama wazee wameketi chini. "Poleni sana mzee, poleni mama, tumekuja kuwasaidia tujue kilichompata." Yule bibi aliyekaa pembeni kimya ndiye anajua mengi, mwite jjajja na umpe muda.

Unataka kujua: alionekana mzima lini mara ya mwisho na nani, alikula nini, alikunywa nini, alikuwa na ugonjwa gani (presha, sukari, kifafa, pumu, seli mundu), anatumia dawa gani, alilalamika nini siku za karibuni, aliwahi kuanguka, aliwahi kusema anataka kufa, alikuwa na ugomvi. Mwanamke wa umri wa kuzaa uliza kama alikuwa mjamzito au alikosa siku zake, uliza mwanamke mwenzake, kando. Dawa zote za nyumbani zibebe na uhesabu vidonge vilivyobaki. ARV usizitaje mbele ya watu, weka kwenye bahasha na uandike kwenye fomu ya daktari tu.

Hatua ya 9: Kufunga na kusafirisha

Viganja kwenye mifuko ya karatasi. Kaveera linatoa jasho, linaozesha na kuharibu damu na nywele zilizo chini ya kucha. Nguo zilizolowa damu, daktari akishazivua, zikaushwe kivulini kwanza ndio zifungwe, kila moja karatasi yake. Funga mwili kwenye shuka safi au mfuko, kitambulisho mkononi na kingine mguuni: namba ya faili, mahali, tarehe, saa. Ukibeba maiti mbili hakikisha tena vitambulisho kabla ya kuondoka NA mkifika.

Kwenye pikapu usiruhusu watu kukaa juu ya mwili, na barabara zetu unazijua, mwili ukigonga chuma utapata mikwaruzo mipya. Mkitua angalia, ukiona alama mpya iandike. Kila anayepokea mwili au eksibiti asaini, saa na tarehe.

Hatua ya 10: Fomu na daktari

PF48 ni ya maiti. PF3 ni ya majeruhi aliye hai. Mtu aliyejeruhiwa akapewa PF3 kisha akafa wodini, unahitaji PF48 mpya na ile PF3 iambatane nayo, pamoja na faili la hospitali, usiende na moja tu.

Kwenye PF48 watu huandika "alipatikana amekufa, omba postimotamu". Hiyo inamsaidia nani? Andika hivi mfano: "Mwanamume wa miaka kama 40, alionekana mzima saa 21:00 akinywa waragi, alikutwa 06:30 kitandani, mlango umefungwa kwa ndani, sigiri yenye majivu chumbani, mabaka ya damu mgongoni hayafifii, hana kidonda cha kuonekana. Familia inasema hana ugonjwa." Daktari akisoma hayo anajua aanze wapi na achukue sampuli gani.

Nenda ukae kwenye postimotamu. Usikae nje ukichat. Peleka picha, muoneshe. Sampuli za sumu na pombe zinaenda maabara ya serikali pale Wandegeya, DGAL. Damu ya kupima pombe inataka chupa yenye dawa ya kuzuia kuoza, vipande vya kuangalia kwa hadubini ndio vinaenda kwenye fomalini. Ukitia tumbo au damu ya kupima sumu kwenye fomalini umeua kesi, na hili kosa halitaki kufa miaka yote. Funga, bandika lakiri, daktari na wewe mtie saini.

Hatua ya 11: Ripoti yako

Ulichoona, ulichoambiwa, ulichofanya. Tenganisha hivyo vitatu. Ulichofikiri kiache kwenye kichwa mpaka uulizwe.

Mambo yakienda kombo

Familia imekataa postimotamu. Usianze na sheria. Sikiliza wanaogopa nini: mara nyingi ni kucheleweshwa, au wamesikia viungo huibiwa, au gharama. Waambie ndugu mmoja anaweza kusubiri pale mochwari, waambie saa ya kumaliza na uitimize. Waislamu muombe daktari aanze na mwili wao. Wakikataa kabisa na kifo kina mashaka, kifo cha ghafla au cha ukatili kinashughulikiwa chini ya Sheria ya Inkwesti (uchunguzi wa vifo) na hakimu anaweza kuagiza. Usigombane nao makaburini.

Wameshazika. Usichukue jembe. Kufukua ni amri ya korti, daktari awepo, afisa wa afya awepo, LC1 na familia watambue kaburi. Wakati unasubiri amri kusanya historia, mashahidi hawaozi lakini wanasahau.

Wameosha mwili. Usiwagombeze, uliza aliyeosha aliona nini, yeye ndiye shahidi wako wa kwanza sasa. Uliza nguo ziko wapi, labda hazijachomwa. Maji yalimwagwa wapi.

Friji ya mochwari imekufa. Omba postimotamu ifanyike siku hiyo hiyo au hamishia hospitali ya rufaa, na uandike muda mwili uliokaa bila baridi.

Marehemu hajulikani. Chukua alama za vidole mapema kabla ngozi haijamenyeka, wenye kitambulisho cha taifa vidole vyao vipo NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili). Piga picha ya uso, makovu, chale, meno, nguo. Aliyeungua au aliyeoza usikubali atambuliwe kwa sura tu, hata mama mzazi anakosea akiwa na uchungu. Tafuta meno, chuma cha mfupa uliovunjika, au DNA kutoka kwa mzazi au mtoto.

Unatakiwa kupeleka habari ya msiba. Nenda wawili, ana kwa ana, hakikisha ni nyumba yenyewe, waketi, kisha sema "amefariki". Usiseme "amepata shida kidogo" maana wataanza kutafuta hospitali. Baki mpaka mtu mzima mwingine wa familia afike. Waachie namba ya faili na waeleze wapi mwili ulipo, na kwamba karatasi ya daktari yenye sababu ya kifo ndiyo watakayoenda nayo NIRA kusajili.

Daktari ameandika "moyo ulisimama". Kila aliyekufa moyo umesimama. Rudi kwa adabu, "Daktari, korti itaniuliza kilichousimamisha." Kama hakuna jibu, "haijulikani, tunasubiri maabara" ni jibu halali.

Umejichoma sindano au kisu kwenye kazi. Osha kwa maji mengi na sabuni, usiminye, usitie Jik kwenye kidonda. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo uombe PEP (dawa za kuzuia maambukizi ya VVU), inaanza ndani ya saa 72 na mapema ni bora zaidi, unameza siku 28. Usingoje kumaliza ripoti. Mwambie OC (mkuu wa kituo) aandike kwenye kitabu cha matukio, na Jik ni ya sakafu na meza: yenye asilimia 3.5 changanya kipimo kimoja kwa maji sita, iache dakika kumi ndio upanguse.